Mtu Anapogeuka Mdudu: Kwa Nini Mende, Nzi na Nzige

Mtu akigeuka simba, watu wanakimbia. Akigeuka mende, watu wanatafuta kandambili. Kwa sababu hiyo hadithi za mtu kugeuka mdudu zinauma kwa namna yake, na tunapotea tunapozisoma kana kwamba ni ndugu wa hadithi za mazimwi.

Sisi wa kanda ya kati hatuna haja ya kufundishwa kwamba katika masimulizi mtu anaweza kuvaa mwili wa kiumbe kingine. Miaka ya 1940 Singida ilitikiswa na mauaji yaliyosemwa kuwa ya watu simba, na serikali ya kikoloni ikayapeleka mahakamani kama mauaji ya binadamu kwa binadamu. Wasandawe, ambao leo wengi wako wilaya ya Chemba, walikuwa na ngoma iitwayo simbo, ambamo mchezaji aliaminika kuwa simba ili apambane na wachawi. Na fisi wa usiku, yule asiyeonekana kuwa fisi mtupu, ni habari ambayo mtoto wa kijijini Dodoma huisikia kabla hajaanza shule. Katika masimulizi hayo anayegeuka anaongezewa kitu. Anapata makucha, mbio, macho ya kuona gizani, na jirani aliyekuwa akimdharau sasa anafunga mlango mapema.

Wadudu nao wamo katika imani za huku, ila kwa kazi nyingine. Kwa Wasandawe vunjajungu alihesabiwa kuwa mjumbe wa kiungu. Akitokea, alitafutwa mtu mwenye uwezo wa kueleza kilichomleta. Mdudu huyo anamjia mtu na ujumbe, na mtu anabaki mtu. Kusini mwa Afrika, masimulizi ya Wasani yaliyoandikwa karne ya 19 yana mhusika mkorofi aitwaye Kaggen, ambaye ni vunjajungu na mtu kwa wakati mmoja. Naye pia ana nguvu, anacheza na walimwengu atakavyo.

Hadithi ya mtu anayeshushwa hadi kuwa mdudu, ile ya aibu na kukanyagwa, ilipata sura yake kamili Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwandishi wake ni Franz Kafka, ofisa wa bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague. Aliiandika kwa Kijerumani mwaka 1912, ikachapishwa 1915 kwa jina la Die Verwandlung, yaani Mgeuko. Gregor Samsa, kijana muuzaji wa vitambaa anayezunguka kwa treni mji hadi mji, anaamka asubuhi akiwa mdudu mkubwa mwenye mgongo mgumu na miguu mingi myembamba isiyomsikiliza. Cha kushangaza ni anachokiwaza. Hapigi kelele, wala haulizi amelogwa na nani. Anatazama saa. Ilitakiwa imwamshe saa kumi alfajiri ili awahi treni ya saa kumi na moja, na sasa imeshapita kumi na mbili na nusu. Anaanza kupiga hesabu kama ataiwahi ya saa moja, na bosi atasema nini. Haupiti muda karani mkuu wa kampuni yuko sebuleni anauliza kulikoni, ingawa Gregor hajaugua hata mara moja kwa miaka mitano.

Kazi inamshika hivyo kwa sababu wazazi wake wanadaiwa na bosi huyo huyo, na mshahara wake ndio unaolisha nyumba nzima. Tena alikuwa amepanga moyoni kumlipia mdogo wake Grete ada ya chuo cha muziki, maana binti anapiga fidla vizuri. Kijana aliyeajiriwa Dodoma mjini, mwenye mshahara peke yake katika ukoo, ambaye simu ikiita mwisho wa mwezi anajua ni ada au ni dawa, atamwelewa Gregor bila kusaidiwa na mhakiki yeyote. Mimi naisoma hadithi hii hivi: umbo la mdudu limekuja mwisho. Ndani ya nyumba ile Gregor alishakuwa kitu cha kutumika muda mrefu, na siku aliposhindwa kutumika mwili ukaonyesha kile kilichokuwapo.

Angalia anavyolishwa, maana uzito wote uko pale. Grete anamletea maziwa yenye vipande vya mkate, kinywaji alichokuwa akikipenda, na kaka yake hawezi tena kuyavumilia. Kesho yake binti anatandika gazeti kuukuu na kumwekea vyakula vya kila namna aone atachagua kipi: mboga zilizoanza kuoza, mifupa yenye mchuzi ulioganda, zabibu kavu na lozi, na kipande cha jibini ambacho siku mbili kabla Gregor mwenyewe alisema hakiliki. Anakivamia kile kile cha jibini. Gazeti lile limetandikwa na mtu anayempenda. Ndiyo maana inauma sana, kurasa kadhaa mbele, baba anapomrushia matufaha na moja kuzama mgongoni na kuozea humo. Na inauma zaidi Grete huyo huyo anapotamka kwamba kitu hiki lazima kiondoke. Gregor anakufa kabla jua halijachomoza. Mtumishi ndiye anayemkuta na kumtupa. Familia inapanda tramu kwenda kupumzika nje ya mji, na njiani wazazi wanagundua kwamba binti yao amekuwa mwanamke mzuri, umri wa kuolewa umefika. Baba naye, aliyekuwa mzee wa kuchoka kitini, siku hizo ana kazi ya benki na sare yenye vifungo vya dhahabu. Kila mtu nyumbani amegeuka, ila mmoja tu ndiye aliyehesabiwa.

Wasomaji wamebishana miaka mingi ni mdudu gani. Wengi husema mende. Vladimir Nabokov, mwandishi aliyekuwa pia mtaalamu wa vipepeo, alishikilia kwamba ni aina ya mbawakawa, na kwamba chini ya gamba la mgongo Gregor alikuwa na mabawa asiyoyajua. Kafka mwenyewe hakutaka ubishi huo uanze. Mwaka 1915 alimwandikia mchapishaji akimsihi kwamba mdudu asichorwe kwenye jalada, hata kwa mbali. Jalada lililotoka lina mwanamume aliyeziba uso kwa mikono, nyuma yake mlango uko wazi kidogo, ndani ni giza. Alijua kwamba msomaji akishamwona mdudu ataacha kuwatazama watu wanaosimama nje ya mlango.

Filamu haina nafasi ya kuficha hivyo. Mtazamaji amelipa kiingilio ili aone, na hapo ndipo tawi la pili la hadithi hizi linapochipuka.

Mwaka 1957 George Langelaan alichapisha hadithi fupi kuhusu mwanasayansi aliyebuni mashine ya kusafirisha vitu kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Anajiingiza mwenyewe, nzi anaingia naye bila kuonekana, na upande wa pili wanatoka wakiwa wamebadilishana viungo. Mwaka uliofuata ikawa filamu, "The Fly", yenye mtu mwenye kichwa na mkono wa nzi na, bustanini, nzi mdogo mwenye kichwa cha mtu akiomba msaada kwenye utando wa buibui. Mgeuko huu ni wa ajali. Hauna deni, hauna bosi, na ukimkamata yule nzi labda mambo yarekebike.

Mwongozaji David Cronenberg aliirudia mwaka 1986 na akafanya uamuzi mmoja uliobadilisha kila kitu: viungo havibadilishwi, jeni za mtu na za nzi zinaungana. Kwa hiyo hakuna kinachoonekana mwanzoni. Seth Brundle, anayeigizwa na Jeff Goldblum, anatoka mashineni akijisikia mzima kuliko zamani. Ana nguvu, halali, anaongea bila kituo. Kisha nywele ngumu zinaota mgongoni. Kucha zinang'oka, meno yanadondoka, na yeye anavihifadhi viungo vyake kwenye kabati la dawa la bafuni. Kipo pia kitendo cha kutapikia chakula ili kiyeyuke kabla ya kukila. Huko Cronenberg hakuongeza chumvi. Nzi wa nyumbani hutema mate yake juu ya chakula kigumu na kukifyonza kikishalainika, na ndiyo sababu mabibi afya wanatusihi tufunike chakula. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya urembaji wa waigizaji.

Wengi wa wakati ule waliiona kuwa filamu ya UKIMWI. Cronenberg alisema alichokuwa nacho akilini ni uzee na kufa, jambo linalomhusu kila mtu. Kwa yeyote aliyewahi kumuuguza mzazi nyumbani maelezo hayo yanatosha. Mpenzi wa Brundle anamtazama mtu anayemfahamu akipungua siku hadi siku, sauti ikiwa bado ni ile ile, na anajiuliza ni lini hasa yule aliyempenda ameshaondoka.

Kumbe swali la Kafka na la Cronenberg yanaachana. Kwa Kafka akili inabaki nzima ndani ya mwili wa mdudu, na ukatili unatoka kwa wanaoutazama mwili huo. Kwa Cronenberg akili yenyewe inaliwa. Ukiyatenganisha haya mawili, filamu na vitabu vingi vya aina hii vinajipanga vyenyewe.

Zipo nyingine nitazipita upesi. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisimulia kwamba nyenje walikuwa watu waliopenda kuimba hadi wakasahau kula wakafa. Wachina wana wapenzi wawili waliozuiwa kuoana, wakatoka kaburini wakiwa vipepeo. Hizo ni za roho kupata mabawa, na hofu haimo. "The Wasp Woman" ya mwaka 1959, kuhusu mwenye kiwanda cha vipodozi anayejidunga maziwa ya malkia wa nyigu ili arudishe ujana, ina wazo zuri na sayansi mbovu: maziwa hayo hutengenezwa na nyuki, nyigu hawanayo, na mfugaji yeyote wa Manyoni angeweza kuwaambia.

Sayansi halisi, kwa maoni yangu, inatisha na kupendeza kuliko hayo yote. Mvua za kwanza zikinyesha Dodoma, kumbikumbi wanatoka vichuguuni na kujaa kwenye taa za maduka. Mtazame mmoja ukutani. Anatembea hatua chache, anatikisa mwili, na mabawa manne yanakatika kwenye mstari uliokuwa tayari umewekwa pale yanapoungana na mwili, kisha jike linaanza kutembea na dume linalifuata kwa nyuma, wakitafuta ardhi laini ya kuchimba. Ndugu zao waliobaki kichuguuni ni vibarua na askari wasio na mabawa, na wote wametoka kwa mama mmoja. Lishe na harufu zinazotolewa ndani ya kichuguu huchangia kuamua nani atakuwa nani. Panzi, mende na kumbikumbi hukua hivyo, kwa kujivua ngozi mara kwa mara wakifanana na wakubwa wao kadiri wanavyoendelea.

Nzi, kipepeo, nyuki na mbawakawa wana njia nyingine, ya pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kati ya buu na mdudu mzima. Ndani ya pupa ya nzi sehemu kubwa ya mwili wa buu huvunjwavunjwa. Macho, miguu na mabawa hujengwa kutoka kwenye mafungu madogo ya seli ambayo buu alikuwa nayo tangu akiwa yai, yakisubiri homoni ziruhusu. Yaani nzi mzima alikuwamo ndani ya buu. Mwishoni mwa filamu ya 1986 ngozi ya Brundle inadondoka na mdudu anajitokeza kutoka ndani yake. Katika hilo msanii alikuwa karibu na ukweli kuliko wanavyodhani wanaomcheka.

Je, kinachobaki ni nini? Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa viwavi wa nondo. Waliwapa harufu fulani pamoja na mshituko mdogo wa umeme, hadi wakajifunza kuikwepa. Waliofundishwa wakiwa viwavi wakubwa, walipopita pupa na kutoka wakiwa nondo, wengi wao waliendelea kuikwepa harufu ile ile. Mwili ulibomolewa ukajengwa upya, na kumbukumbu ikavuka. Gregor kukumbuka fidla ya mdogo wake ni jambo lenye mfano wake porini.

Hata kuchanganyika kwa mtu na nzi kuna msingi wake. Mwaka 1995 kikundi cha Walter Gehring, huko Uswisi, kiliamsha jeni moja inayoongoza utengenezaji wa jicho katika sehemu za mwili wa nzi zisizostahili, macho yakaota kwenye miguu na mabawa. Walipotumia jeni ya panya inayolingana nayo, macho yakaota vilevile, nayo yalikuwa macho ya nzi. Binadamu tunayo jeni ya jamii hiyo hiyo. Lakini mtu hawezi kuwa mdudu wa ukubwa wake. Ukimkuza mdudu mara 100 kwa urefu, uzito unaongezeka mara 1,000,000 na eneo la mkato wa mguu unaombeba mara 10,000 tu. Angelala chini asinyanyuke. Pia wadudu huvuta hewa kwa vitundu vya ubavuni, mfumo usioweza kulisha mwili mkubwa kiasi hicho.

Mgeuko ninaoufikiria zaidi unatokea magharibi mwa Singida, kwenye mbuga za Wembere, mojawapo ya mazalia ya nzige wekundu yanayojulikana Tanzania. Kati ya 1930 na 1944 nzige wekundu walivamia sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika. Panzi anayeishi peke yake na nzige wa kundi wana rangi tofauti na tabia tofauti, kiasi kwamba zamani wataalamu waliwahi kuwahesabu kuwa wadudu wa aina mbili. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alieleza kwamba ni mdudu mmoja katika hali mbili. Kinachomgeuza ni msongamano. Kwa nzige wa jangwani imeonekana kwamba kuguswaguswa miguu ya nyuma na wenzake kunatosha: ndani ya saa chache kemikali ya serotonini inapanda mwilini, na aliyekuwa akiwakwepa wenzake anaanza kuwatafuta. Rangi na umbo hufuata baadaye.

Hii ni kinyume cha Gregor. Yeye aligeuka akiwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Nzige anageuka kwa kubanwa na wengine. Maandiko tunayoyasoma huku yanazijua hali zote mbili. Katika Zaburi ya 22 mwimbaji aliyedharauliwa na kutengwa anajiita mdudu, wala si mtu. Katika Kurani, sura ya Al-Qamar, watu wanatoka makaburini kama nzige waliotawanyika. Fasihi ya kisasa imeandika sana juu ya yule wa kwanza na imemsahau wa pili.

Filamu iliyojaribu kuwaunganisha imetoka Afrika. "District 9" ya Neill Blomkamp, mwaka 2009, inawaweka viumbe wa anga wenye umbo la kidudu katika kambi ya mabanda Johannesburg. Wikus, ofisa anayekwenda kuwahamisha kwa nguvu, anarukiwa na majimaji yao na mkono wake unaanza kugeuka. Wenyeji wamewapa viumbe hao jina la dharau, na Wikus amelitumia kwa raha hadi siku linapomrudia. Kivuli cha ubaguzi wa rangi na bomoabomoa za mtaa wa District Six, Cape Town, kimetanda filamu nzima. Umati umeshawageuza hao kuwa wadudu kwa jina kabla mwili wa mtu yeyote haujabadilika.

Na hilo limetokea kwa jirani zetu pasipo filamu. Mwaka 1994, Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, siku baada ya siku, huku mauaji yakiendelea. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu wa vyombo vya habari mwaka 2003 kwa sehemu yao katika maangamizi hayo. Kafka alimpa mtu mwili wa mdudu akaacha utu wake uonekane wazi kwa msomaji. Redio ile ilifanya kinyume chake: miili ilibaki ya watu, wake kwa waume na watoto, na waliosikiliza wakafundishwa wasiuone utu ndani yake. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba hadithi hizi ni za kutishana usiku tu.

Waandishi wa Kiswahili wana nafasi kubwa hapa, na ningependa sana kusoma kazi itakayotoka kanda yetu. Atakayeiandika itabidi aamue mapema akili ya mhusika wake inabaki au inaliwa, nani anamtandikia gazeti na kumletea chakula, na kama aligeuka chumbani peke yake au katikati ya watu waliokuwa wakimgusagusa. Akichagua la mwisho, mbuga za Wembere zipo, na mtu anayegeuka kwa sababu ya umati bado hajapata riwaya yake.